Sura ya Nne: Gari Kwanza, Mizani Pili, Injini Mwisho

Simu huanza hivi: "Shikamoo kaka. Nimepata 1JZ kutoka Japani, turbo yake ipo, nyaya zote zipo. Nitafute gari gani la kuiweka?"

Anayepiga ni kijana mwenye akiba ya miaka miwili na mapenzi yasiyo na mashaka. Ameshaiona injini ikiwa juu ya tairi kuukuu pale kwenye maduka ya spea ya Gerezani, mdomo wa hewa umefungwa nailoni, na muuzaji ameipiga stata mbele yake ikaitika. Sauti ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, zikilia bila ekzosi, inaweza kumnyima mtu usingizi. Najua, maana ilininyima mimi. Lakini kabla sijasema lolote juu ya gari huwa namuuliza: unataka kushindana wapi, na kitabu cha sheria cha huko kinasemaje?

Mara nyingi hapo simu inakuwa kimya.

Kitabu hicho ndicho kinachochagua nusu ya gari lako. FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, na vyama vingi vya nchi vinavyofuata utaratibu wake, huhesabu injini ya petroli yenye turbo kuwa kubwa kuliko ilivyo: ujazo wake unazidishwa kwa 1.7. Injini ya lita 2.0 yenye turbo inaingia uwanjani ikiitwa ya lita 3.4. Ile 1JZ ya kijana wetu, yenye sentimita za ujazo 2,491, inavuka lita 4.2 kwenye karatasi, na huko juu inawakuta watu wenye bajeti ya kampuni. Kenya, katika otokrosi, magari yanayosukumwa na magurudumu mawili yametengwa na ya magurudumu manne, na yenye turbo yametengwa na yasiyo nayo. Uamuzi mmoja wa gereji, kufunga turbo au kutoifunga, unabadilisha orodha nzima ya watu utakaokimbizana nao. Basi pata kitabu kwanza. Kisome ukiwa na kalamu, na uweke alama kila penye neno "injini", "bloku", "uzito wa chini" na "mahali pa asili".

Sisi wa Afrika Mashariki tumelelewa na vumbi. Safari Rally ilianza 1953, na tangu hapo mtoto wa huku akisikia mbio za magari anaona matope, pundamilia na dereva aliyekodolea macho daraja lililovunjika. Mbio za lami ni somo jingine. Saketi kubwa yenye historia upande wetu wa bara ni Kyalami, kaskazini ya Johannesburg, kilomita 4.5 na kona 16, na mtu wa ridhaa anaweza kwenda huko siku ya mazoezi akalipa ada yake akaendesha. Kwenye lami hakuna jiwe la kukupa kisingizio. Kona ile ile utaikuta tena baada ya dakika mbili, na tena, na tena, na gari lenye kasoro litarudia kasoro yake mahali pale pale mpaka uikubali.

Gari nitakalolitumia kama mfano katika sura hii ni Corolla ya kizazi cha E70, ile iliyotoka 1979 na ambayo wengi wetu tunaiita DX. Baba zetu walikwenda nayo kazini. Inasukumwa na magurudumu ya nyuma, ina strati mbele, na sedani yake ina springi za duara nyuma badala ya majani. Toleo lake la KE70 lilikuja na injini ya 4K, sentimita 1,290, nguvu za farasi zisizofika 80, na ni injini ngumu kuua. Faida yake kubwa zaidi ni ya ukoo: AE86 maarufu ya 1983, gari ambalo Wajapani walilifanya shule ya udereva wa milimani, ni mdogo wake wa damu. Strati, breki na difu ya AE86 huingia kwenye DX kwa marekebisho madogo. Maana yake kazi ya kufikiri imeshafanywa na wahandisi wa Toyota. Wewe unaunganisha tu vipande vya ndugu wawili.

Mwingine atasema Civic, na sitamkatalia. Honda ilipoanza kuuza B16A mwaka 1989, injini ya sentimita 1,595 iliyotoa nguvu za farasi 160 bila turbo, ilibadilisha fikra za watu juu ya kile injini ndogo inaweza kufanya, na gari la kuvutwa mbele likiendeshwa vizuri humaliza mbele ya mengi ya nyuma. Ninachopenda kwenye DX ni kwamba spea zake zinajulikana na kila fundi kuanzia Mwanza hadi Mombasa, na kwamba inakufundisha mapema, kwa mguu wako mwenyewe, maana ya uzito.

Ukienda kulikagua, achana na rangi. Achana na viti pia, utaving'oa. Chukua sumaku, ifunge kwenye kitambaa laini, uipitishe polepole juu ya bodi: isiponata, hapo chini kuna puti, na chini ya puti kuna kutu. Halafu inama. Tazama vichwa vya strati ndani ya boneti, maana hapo ndipo nguvu zote za kona zinaposhika bodi. Tazama reli za mbele zinazobeba krosimemba, sakafu chini ya miguu ya dereva, na zaidi ya yote sehemu ambapo mikono ya ekseli ya nyuma inashikana na bodi. Mlango ulioliwa na kutu utanunua mwingine. Reli iliyoliwa na kutu, liache gari hapo hapo ulipolikuta, hata kama muuzaji ni jirani.

Ukishalipata lililo zima, usiguse injini. Lipeleke kwenye mizani.

Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu mimi sikufanya hivyo mapema. Nilikuwa nimepata injini ya Altezza, 3S-GE ya sentimita 1,998, ile ambayo Toyota iliiandikia nguvu za farasi 210, pamoja na giaboksi yake ya gia sita. Kwa macho ilikuwa chaguo la akili: injini ya mstari, tayari kwa gari la kusukumwa nyuma, haina turbo wala mabomba yake. Tulikata mfereji wa sakafuni ili giaboksi ipite. Tuliirekebisha sampu ili isigonge krosimemba. Miezi minane ilikwenda. Siku ya kwanza ya mazoezi kwenye lami niliondoka kama risasi, na mzunguko wa tatu nilikanyaga breki pedali ikashuka mpaka sakafuni. Oili ya breki ilikuwa imechemka. Nilipolipumzisha gari na kurudi kwa mwendo wa tahadhari, nikagundua la pili: nikikata kona, pua inagoma, gari linakwenda mbele kama limesahau usukani. Rafiki yangu mwenye DX ya 4A-GE, injini ndogo ya Toyota nitakayoieleza baadaye, iliyonipungukia nguvu za farasi zaidi ya 70, alinipita kwenye kona ya ndani, akatoweka.

Jioni ile tulilipeleka kwenye mizani ya malori ya nafaka. Njia ni rahisi. Pandisha magurudumu ya mbele peke yake, andika; pandisha gari zima, andika; toa, upate nyuma. Bahati nzuri tulikuwa na karatasi ya pacha wake, DX nyingine ya gereji iliyokuwa bado na 4K. Ile ilikuwa kilo 880, na 480 kati yake zilikuwa mbele. Langu lilikuwa 980, na mbele 560. Nilikuwa nimeongeza kilo 100, na 80 kati ya hizo nilizipakia juu ya magurudumu mawili ambayo ndiyo yanayogeuza gari na kufanya kazi kubwa ya breki.

Nilikaa na kalamu usiku. Nishati inayobebwa na gari linalokwenda inakua kwa uzito, lakini kwa mwendo inakua kwa kipeo cha pili. DX yenye dereva wa kilo 75 ikifika mwisho wa njia iliyonyooka kwa kilomita 140 kwa saa inabeba takriban kilojuli 720. Langu, zito zaidi na sasa lenye uwezo wa kufika 170 mahali pale pale, lilibeba karibu kilojuli 1,180. Sehemu kubwa ya nishati unayoipunguza kwa breki lazima igeuke joto ndani ya diski mbili ndogo zilizobuniwa kwa ajili ya gari la familia, kila kona, kila mzunguko. Zaidi ya mara moja na nusu ya joto, kwenye chuma kile kile. Breki hazikunisaliti hata kidogo. Zilifanya kazi ya gari ambalo halikuwa lao.

Kuna kisa cha kale ambacho wapenda injini kubwa hukitaja kila mara kama ushahidi wao, nacho ni cha gari liitwalo Cobra. Mwaka 1961 kampuni ya Bristol ya Uingereza iliacha kutengeneza injini ya silinda sita, lita 2.0, iliyokuwa ikiwekwa kwenye Ace, gari dogo jepesi la kampuni ya AC. Carroll Shelby, dereva wa Texas aliyeshinda Le Mans 1959 na kuacha mbio kwa sababu ya moyo, akawaandikia AC akiomba bodi, akaenda Ford akaomba V8 yao mpya ndogo ya lita 4.3. Mapema mwaka 1962 injini hiyo ilikuwa ndani ya gari huko California, na kufikia 1965 jina la Cobra lilikuwa limetwaa ubingwa wa dunia wa magari ya GT kutoka kwa Ferrari.

Watu husikia hapo "V8" na kuacha kusikiliza. Lakini tazama Shelby alichagua V8 ipi. Ford walikuwa wamejifunza kumimina chuma chembamba, na injini ile ilikuwa nyepesi mno kwa ukubwa wake, kiasi kwamba pua ya Ace haikuelemewa. Tazama pia kilichobadilishwa mara moja: difu. Ile ya zamani isingedumu, wakaweka Salisbury iliyo imara zaidi. Na walipotamani zaidi, wakataka kufunga ile kubwa ya lita 7.0, bodi ya zamani ilikataa. Ikabidi chasisi ibuniwe upya, mabomba yake manene yawe manene zaidi, springi za majani zitupwe ziwekwe za duara. Lilikuwa gari jingine kabisa lenye jina lile lile. Kiwanda kizima kilihitajika ili injini ile iingie. Fundi mmoja na mtungi wa gesi chini ya mwembe hana kiwanda hicho.

Sasa niseme jambo ambalo vitabu vya Uingereza na Marekani havina haja ya kulisema, maana wengi wa waandishi wake wanaishi karibu na usawa wa bahari. Mimi naishi Arusha, mita 1,400 juu. Nairobi ni karibu mita 1,800. Hewa huku ni nyembamba, na injini isiyo na turbo hula hewa inayoipata tu: inapoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Injini iliyoandikiwa nguvu za farasi 165 ikifika Nairobi inakuwa na kama 135, kabla hujahesabu uchovu wa umri wake. Turbo inaisukumia injini hewa, kwa hiyo inafidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Kyalami nayo iko juu, zaidi ya mita 1,500, na Renault, waliokuwa wa kwanza kuleta turbo kwenye Formula 1, walilijua hilo vizuri: Jean-Pierre Jabouille alianza wa kwanza pale 1979, René Arnoux akashinda 1980, Alain Prost akashinda 1982.

Hoja hiyo ni ya kweli na siidharau. Kama sheria za daraja lako zinakubali turbo, na kama utashindana milimani siku zote, turbo ndogo kwenye injini ndogo ni jibu la heshima. Lakini kumbuka kwamba hewa nyembamba inapoza vibaya pia. Rejeta, kipoza hewa, breki, vyote vinategemea hewa ile ile iliyopungua. Turbo inakurudishia nguvu na kukuongezea joto mahali ambapo kulitoa ni kazi ngumu zaidi.

Kwa DX ya mtu anayeanza, jibu langu limebaki lile lile kwa miaka mingi: 4A-GE. Sentimita 1,587, kamshafti mbili juu, vali 16. Toyota waliitoa 1983, Yamaha wakishiriki kwenye kichwa chake, na kwa AE86 ya Japani waliiandikia nguvu za farasi 130. Marekani iliendesha mashindano ya magari ya kiti kimoja, Toyota Atlantic, kwa kutegemea injini hii, ikichokonolewa hadi nguvu za farasi kama 240. Bloku ni ya chuma, inavumilia mizunguko ya juu, na haiipindui mizani ya DX. Baadaye zilikuja za vali 20, yenye kifuniko cha fedha mwaka 1991 kwa nguvu 160, na yenye kifuniko cheusi mwaka 1995 kwa nguvu 165, kila silinda na kipepeo chake cha hewa kutoka kiwandani. Zinaimba vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukifunga. Ila zilibuniwa kukaa kwa upana kwenye magari ya kuvutwa mbele, kwa hiyo ukigeuza moja ikae kwa urefu, distributa iliyo nyuma ya kichwa inagonga ukuta wa chumba cha dereva, na mabomba ya maji yanaelekea upande usiofaa. Yote yanatengenezeka. Ongeza miezi miwili tu kwenye kalenda yako, na fundi mwenye subira.

Giaboksi ya KE70 haishikani na bloku ya 4A, na hata ingeshikana isingedumu. Tafuta T50 ya gia tano pamoja na kengele yake, ile nyumba ya klachi, na difu ya AE86 yenye uwiano wa 4.3. Hapa naomba ukae na kikokotoo, maana wengi huchagua difu kwa kusikia. Tairi ya 185/60 R14 inasafiri takriban mita 1.81 kwa mzunguko mmoja. Injini ikiwa kwenye mizunguko 7,500 kwa dakika, gia ya nne ya T50, ambayo ni moja kwa moja, inakupa karibu kilomita 190 kwa saa. Gia ya tatu inaishia 137, ya pili 94. Chora kona za uwanja wako, andika kwenye kila moja mwendo unaoingia nao na unaotoka nao, kisha uone kama namba zako zinaangukia pale ambapo injini ina nguvu. Kona unayotoka kwa kilomita 100 kwa saa itakukuta umetoka tu gia ya pili na ya tatu haijashika moto. Kubadili difu ni rahisi kuliko kubadili injini, na mara nyingi ndicho kitu ambacho gari lilikuwa likikuomba.

Oili nayo. Barabarani kona inaisha haraka. Kwenye saketi unaweza kushikilia kona ndefu sekunde tano au sita, na muda wote huo oili imelalia upande mmoja wa sampu huku mdomo wa pampu ukinyonya hewa. Beringi za kwenye krenki hazihitaji zaidi ya hapo kufa. Chomelea vizuizi vya bati ndani ya sampu kabla ya kuifunga, weka geji ya presha ya oili mahali unapoiona bila kutafuta, na ujaze hadi alama ya juu. Breki zipate padi za mashindano na oili mpya yenye kiwango cha juu cha kuchemka, kabla hujanunua kitu chochote cha kuongeza nguvu.

Kuhusu karatasi nitasema kidogo: dai risiti ya injini yenye namba yake, na kama gari litatembea barabarani, kadi yake isome injini iliyomo. Kizimba cha chuma, mkanda wa kiti na kizimamoto havina mjadala, na vina sura yao.

Katika daftari langu la gari la pili, lile lililotoka sawa, injini yenyewe ilimeza chini ya theluthi ya fedha zote. Zilizobaki zilikwenda kwenye klachi, propela shafti iliyokatwa upya, rejeta, breki, bushi, tairi, na nauli za kufuata vipande ambavyo kila mtu alisema vipo na havikuwepo. Mtu akikuambia bei ya injini kama bei ya mradi, mwombe akuonyeshe daftari.

Kijana wa 1JZ nilimwambia haya yote kwa simu, na nilihisi nimemkata moyo. Aliaga kwa adabu, akapotea. Baada ya wiki tatu alifika gereji bila taarifa. DX ilikuwa imeegeshwa nje, nyeupe iliyopauka, mlango mmoja wa rangi nyingine, sakafu safi kama sahani. Alinipa karatasi ya mizani iliyokunjwa mara nne, ina alama za vidole vyenye grisi: mbele 470, zima 870.

"Kaka," akaniuliza, "T50 ukiitafuta, unaanzia wapi?"